Mume wangu anakunywa mafuta ya nazi, vidonge ameviweka kabatini

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, nauza dagaa ninaowachukua Kibirizi. Nyumba yangu imegawanyika kwa sababu ya mafuta ya kupikia. Ukiwasimulia watu wanacheka, lakini mimi silali.

Baba watoto ana miaka 52, ni fundi seremala. Mwishoni mwa mwaka jana alishikwa na kizunguzungu kazini, akapelekwa hospitali. Wakamwambia presha iko juu, na kwenye damu lehemu mbaya (kolesteroli) imezidi. Akapewa vidonge vya aina mbili, cha presha asubuhi na cha lehemu usiku, akaelezwa kwamba ni vya kudumu. Tukaanza vizuri.

Sasa wifi yangu mkubwa ameolewa Tanga. Alikuja kwenye arusi ya mdogo wao na dumu la lita tano la mafuta ya nazi, yale meupe yanayonukia. Akamkalisha kaka yake, akamwambia awe anakunywa vijiko vitatu vya mezani kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni: yatasafisha mishipa, yatashusha sukari, yatayeyusha kitambi, na uzeeni hatasahausahau. Alikuwa na video kwenye simu ya daktari wa Kizungu anayesema hayohayo. Akaongeza kwamba watu wa pwani wanakula nazi tangu enzi za mababu na mioyo yao mizima, na kwamba kilichomwumiza kaka yake ni mawese.

Tangu siku hiyo kidonge cha usiku hakigusi. Cha presha anakunywa akikumbuka. Na mawese yamepigwa marufuku nyumbani.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mama mkwe yuko Simbo, ana michikichi yake, na ndiye ametulisha mawese tangu nilipoolewa. Anakamua mwenyewe, na mise, zile mbegu za ndani, anawauzia wapika sabuni. Alipokuja mwezi uliopita akakuta chupa zake ziko uvunguni na vumbi juu. Aliondoka hajanywa hata chai. Kwa ndugu zake sasa inasemwa kwamba mimi ndiye niliyemwambia mwanawe kuwa mama yake alimlisha sumu. Sijasema neno, Bibi.

Kinachonichanganya, mume wangu anajisikia vizuri. Ni kweli kitambi kimepungua. Kwa kweli bia nayo ameiacha tangu hospitali, na chapati za jioni hataki. Lakini yeye sifa zote anayapa mafuta. Dumu la pili limekuja kwa basi, na fedha zilizokwenda humo ni za chakula cha wiki nzima. Sasa anataka na mtoto wetu wa mwisho, wa miaka mitatu, apikiwe kwa mafuta hayo tu.

Je, mafuta ya nazi ni dawa kweli? Mawese ni sumu? Nipikie nini? Na kwa mama mkwe nirudi na uso gani?

Mkamwana, Kigoma


Marahaba mwanangu.

Umeuliza maswali manne na moja la tano hukuliuliza, nalo ndilo la haraka: kidonge cha usiku. Kirudi leo. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya mawese, ya mbinguni, hakuna hata moja linalofanya kazi ya kidonge kile. Dawa ya lehemu inalizuia ini kutengeneza lehemu kwa wingi, na mtu akiiacha, lehemu hupanda tena ndani ya wiki chache bila kupiga hodi. Haiumi, haiwashi, haileti kizunguzungu. Ndiyo maana mumeo anajisikia vizuri. Angejisikia vizuri vilevile hata kama mishipa yake inazidi kuziba. Ubaya wa lehemu ni huo: mtu anaweza kwenda nayo miaka kumi akidhani mzima, na taarifa yake ya kwanza ikawa kifua kubana au mkono kupooza.

Sasa mafuta yenyewe. Mafuta yote ya kula ni mchanganyiko. Kuna sehemu iliyoshiba, ile inayopenda kuganda kukiwa na baridi, ambayo wataalamu wa lishe wengine huiita mafuta mgando, na kuna sehemu isiyoshiba, inayobaki majimaji. Ile iliyoshiba ndiyo inayopandisha lehemu mbaya. Katika mafuta ya nazi sehemu iliyoshiba ni zaidi ya asilimia 80, na vipimo vingine hukaribia 90. Yanaipita hata siagi. Mawese ya mama mkwe wako ni karibu nusu kwa nusu. Alizeti ni kama asilimia 11 tu.

Tuvipime vijiko vya mumeo. Kijiko kimoja cha mezani ni gramu 14 hivi za mafuta, na ndani yake gramu 11 au 12 ni yaliyoshiba. Vijiko vitatu vinavuka gramu 33. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Kwa hiyo baba watoto anaamka, anauvuka mpaka wa siku nzima kabla hajafikia kikombe cha chai, kisha anakwenda kiwandani kwake akiamini amejitibu. Na kalori alizomeza ni karibu 360.

Wifi yako atasema mimi ni wa kizamani, nimekariri. Basi haya. Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 16 yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta mengine. Yakiwekwa mbele ya mafuta ya mimea kama alizeti, mahindi na zeituni, ya nazi yalipandisha lehemu mbaya kwa takriban miligramu 10 kwa desilita. Kwenye karatasi za maabara zetu zinazotumia milimoli, hiyo ni kama 0.27. Yalipandisha pia lehemu nzuri kidogo, kama miligramu 4, na hapa ndipo wauzaji wanapopigia ngoma. Lakini kupanda kwa lehemu nzuri hakufuti deni la ile mbaya. Dawa zilizowahi kutengenezwa makusudi ili kuipandisha nzuri hazikuwaokoa watu na mishtuko ya moyo kama ilivyotarajiwa. Chama cha Moyo cha Marekani kilikwisha kushauri tangu 2017 kwamba watu wasiyatumie mafuta ya nazi kwa matumaini ya kulinda moyo.

Sitauficha utafiti unaomsaidia wifi, maana huenda ndio uliotajwa kwenye ile video. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge waliwapa watu wa miaka 50 hadi 75 gramu 50 kwa siku za mafuta ya nazi, au ya zeituni, au siagi, kwa wiki nne. Siagi ilipandisha lehemu mbaya. Ya nazi hayakutofautiana na zeituni. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Kilichobaki nyuma ni kwamba watu wale walikuwa hawana ugonjwa wa moyo wala kisukari, wala hawakuwa kwenye dawa za lehemu, na wiki nne ni muda mfupi. Mumeo si mmoja wao. Tena majaribio yote haya, yanayosifu na yanayokosoa, yamepima damu. Hakuna lililowafuata watu miaka na miaka likahesabu mishtuko ya moyo. Kwa hiyo yeyote anayemwambia mumeo kwamba mafuta ya nazi yamethibitika kusafisha mishipa anamwuzia kitu ambacho hakijapimwa.

Kuna na waliovuka mpaka upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2018 Profesa Karin Michels alitoa mhadhara Freiburg, Ujerumani, akayaita sumu tupu. Video hiyo nayo iliangaliwa sana. Hayo siyakubali. Mchuzi wa tui haujaua mtu, na wali wa nazi wa mara mojamoja utaniletea mimi mwenyewe ukipika.

Habari ya watu wa pwani ina jibu zuri kuliko wifi anavyodhani. Mtu wa Pangani au Mafia hanywi mafuta kwa kijiko. Anakuna nazi, anakamua tui, anatia kwenye samaki, kwenye maharage, kwenye mchicha, na sufuria hiyo inalisha watu wanane. Wako watu duniani waliokula nazi kuliko sisi wote: wakazi wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika Pasifiki. Utafiti wao ulichapishwa 1981. Ugonjwa wa moyo ulikuwa haba kwenye visiwa vyote viwili, hilo ni kweli. Lakini walikuwa wakila nazi yenyewe pamoja na samaki na mizizi, sukari kidogo, kazi za mikono kutwa. Na hata wao, wa Tokelau, waliopata zaidi ya nusu ya nguvu za chakula chao kutokana na nazi, lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa Pukapuka waliokula nazi pungufu kuliko wao. Yaani nazi iliifanyia damu yao kilekile inachoifanyia damu ya mtu wa Mwanga.

Kitambi? Umejijibu mwenyewe katika sentensi moja uliyoipitisha haraka: bia na chapati za jioni. Mshukuru mumeo kwa hayo mawili, hadharani, watoto wakisikia. Madai ya kuyeyusha mafuta mwilini yalitoka kwenye majaribio ya mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa chembe za urefu wa kati tu, zinazokwenda moja kwa moja kwenye ini na kuunguzwa upesi. Mafuta ya nazi ya dumu si hayo. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na hiyo sehemu kubwa yake mwili huipokea kama mafuta mengine yoyote. Sukari na kusahausahau sitapotezea wino. Hakuna ushahidi wa kumfanya mtu aache chakula cha wiki.

Jambo moja litamfurahisha mama mkwe, nalo ni zuri umpelekee. Wifi ametoka na mafuta Tanga, bara zima, kumbe ndugu wa damu wa mafuta hayo yuko palepale Simbo uani, na wenyeji wa Kigoma hawamli: mafuta ya mise. Mawese hutoka kwenye nyama ya nje ya chikichi, mekundu. Mise ni mbegu ya ndani, na mafuta yake kwa maumbile ni karibu sawa kabisa na ya nazi: yaliyoshiba zaidi ya asilimia 80, lauriki karibu nusu. Lauriki ndiyo inayotoa povu jingi, ndiyo maana ya mise na ya nazi yote mawili yanapendwa na wapika sabuni. Bibi zenu wa Kigoma waligawanya vizuri bila maabara: mekundu jikoni, ya mise sabuni.

Lakini usiende Simbo na hukumu kwamba mawese ni malaika. Nimesema nusu yake ni yaliyoshiba. Kwa mtu ambaye lehemu imezidi, migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, inayoogelea kwenye mawese kila jioni haifai, nayo ilikuwa sehemu ya tatizo, kama zilivyokuwa bia na chapati. Kusema mawese peke yake ndiyo yaliyomwumiza ni uongo. Presha, kwa mfano, haikutokana na mafuta kwa njia ya moja kwa moja. Angalia chumvi kwanza. Mkoa wenye Uvinza haukosi chumvi, na dagaa wa chumvi unaowauza unawajua kuliko mimi. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye dagaa. Chagua dagaa waliokaushwa bila chumvi kwa sufuria ya nyumbani, na hao wa chumvi waloweke umwage maji.

Kwa mtoto wa miaka mitatu neno langu ni tofauti kabisa, na hapa sitaki mzaha. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Mafuta ya nazi hayana hiyo hata kidogo. Kumnyima mtoto mawese ili apewe ya nazi ni kumwondolea kitu alichokuwa anakipata bure kutoka kwa bibi yake. Kijiko kidogo cha mawese kwenye kisamvu chake au maharage yake kinatosha. Yasiunguzwe tu. Najua wako wanaoyachemsha mpaka yageuke meupe ili yapoteze harufu. Wekundu ukiondoka na karotini imeondoka, yamebaki mafuta matupu.

Upikie nini, basi. Sufuria ya kila siku iwe ya alizeti, na upime kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Familia nyingi zikianza kupima hushtuka. Mara mbili tatu kwa wiki mboga ya majani ipate mawese kidogo, mumeo naye aonje. Dagaa wachemshwe na nyanya na kitunguu mara nyingi kuliko kukaangwa, na migebuka ichomwe. Maharage yawe mengi, kwa sababu yanasaidia kushusha lehemu, tena ni rahisi kuliko dumu la Tanga. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara mbili tatu, yakawa meusi na mazito, yamwagwe. Dumu lililobaki usilitupe, lina kazi: pakeni nywele na ngozi. Huko mafuta ya nazi yana sifa ya haki. Yanaingia kwenye unywele na kupunguza upotevu wa protini yake, na watoto wenye ngozi kavu inayowasha wamepimwa wakaonekana kupata nafuu wakipakwa. Wifi akiuliza zawadi yake imekwenda wapi, atawaona watoto wanang'aa.

Sasa watu. Na mumeo usimshike kwa hoja za asilimia, wala usimguse dada yake. Ukimgusa atalinda jina la dada na utakuwa umepoteza. Muulize usiku, mkiwa wawili: kidonge kile kilikuwa kinakusumbua nini? Sikiliza jibu. Wapo wanaoumwa misuli wakinywa dawa za lehemu, na daktari anaweza kubadilisha aina au kipimo. Wapo walioogopa neno la kudumu, wakaona kunywa dawa maisha yote ni kukubali uzee. Seremala wa miaka 52 anaweza kuliogopa hilo kuliko kifo chenyewe. Mafuta ya dada yalimpa njia ya heshima ya kuacha. Mpe wewe njia ya heshima ya kurudi: mwende mkapime damu, apate namba yake mkononi, ailinganishe na ya mwaka jana, aanze dawa, arudie kipimo baada ya miezi miwili au mitatu. Fundi anaamini futi kamba kuliko maneno. Na amwambie daktari waziwazi kwamba aliacha, asione haya, kwa sababu akificha ataongezewa dozi bure kwa kudhaniwa kwamba ya kwanza haikufanya kazi.

Kwa mama mkwe usiende peke yako, wala usitume mtu. Neno lililotoka kinywani mwa mwanawe lirudishwe na mwanawe. Nendeni wote wawili Simbo, na dagaa wazuri na sukari, na mtoto wa mwisho. Yeye ndiye aseme: mama, mawese yako hayana kosa, nimeshauriwa nipunguze mafuta ya kila aina. Ndiyo kweli, na inatosha. Kisha wewe umwombe chupa moja ya mawese ya mjukuu. Moja, akikupa tano kataa kwa adabu. Ukimaliza hapo mweleze, mbele ya mumeo, kwamba kuna kidonge kimelala kabatini tangu arusi. Mama aliyeona chupa zake chini ya uvungu hatanyamaza, na mumeo atakimeza usiku huohuo.

Kabla ya safari hiyo mpeleke akapimwe presha, wiki hii, kituo chochote cha afya kilicho karibu, maana anayekunywa dawa ya presha akikumbuka hana dawa. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, na kichwa kinamuuma sana, kifua kinabana, macho yanaona ukungu au mdomo unavuta upande mmoja, msirudi nyumbani kufikiria; muda huohuo mwende hospitali ya mkoa.

Bibi